Kochi Lililokwenda Msimbu

Jumamosi, 5 Julai 2025

Mahojiano ya leo: Laurean, msanii wa singeli kutoka Maili Moja. Tulikubaliana aje peke yake. Akaja na dansa wawili, meneja, mlinzi, na jamaa mmoja ambaye kazi yake sikuielewa mpaka mama alipoleta wali. Wote wakajazana kwenye kochi. Mguu wa kochi ukavunjika katikati ya swali la tatu. Nimeweka tofali.

Laurean ana jibu moja tu: mashabiki wakae mkao wa kula. Nikamwuliza utoto wake ulikuwaje. Wakae mkao wa kula. Nikamwuliza kuhusu marehemu bibi yake aliyemlea. Wakae mkao wa kula. Nimerusha hivyo hivyo.

Chaneli yangu inaitwa Kochi la Badru. Mgeni anakaa kwenye kochi jekundu la mama, nalitoa uani, nyuma natundika pazia la sebuleni. Mwanzoni nilitaka kuiita Kiti Moto. Mama akasema nikithubutu nitafute pa kulala. Wafuatiliaji ni mia tatu na kitu. Wengi ni wa hapa hapa Visiga, na wengi wa hao ni ndugu.

Jioni nikaangalia Jiko la Naila. Sikupanga. Nilikuwa natafuta mafunzo ya kusafisha sauti, simu yenyewe ikanipeleka huko. (Uongo. Niliandika jina lake mwenyewe.)

Naila alikuwa akikaa kwa shangazi yake Mwamini, nyumba ya tatu kutoka kwetu, wakati tunasoma sekondari. Alipomaliza akarudi kwao Msimbu, Kisarawe, kuwatunza babu na bibi yake. Siku hizi anapika mbele ya simu aliyoiegemeza kwenye kinu, na watu laki moja na nusu wanamwangalia anavyokuna nazi. Mimi namwangalia kwa niaba ya kijiji kizima.

Leo kapika wali. Alipofika chini ya sufuria akakwangua ukoko, akautazama, akasema kuna mtu Visiga alikuwa anapenda ukoko kuliko wali wenyewe. Akacheka kidogo, akaendelea kuosha vyombo.

Mimi ndiye niliyekuwa napenda ukoko! Alikuwa ananipitishia kwenye michongoma, umefungwa kwenye jani la mgomba, shangazi yake asione. Au kuna mwingine? Visiga ni kubwa. Ukoko unapendwa na wengi.

Nimemkumbuka. Basi, nimeandika.

Jumapili, 6 Julai

Mkakati! Siwezi kwenda Msimbu nikiwa Badru mtupu. Laki moja na nusu kwa mia tatu na kitu, nitasimama wapi? Kwa hiyo namwomba mahojiano. Akikaa kwenye kochi, chaneli inapanda. Chaneli ikipanda, nakuwa mtu. Nikishakuwa mtu, namwambia yaliyo moyoni. Na swali la mwisho kabisa, kama utani tu: yule mtu wa Visiga wa ukoko ni nani? Mpango hauna tundu hata moja.

Nikamwandikia inboksi. Imenichukua asubuhi nzima. Rasimu ya kwanza ilisema, "Naila, habari za siku nyingi, nimekukumbuka." Nikafuta. Ya mwisho ikasema, "Uongozi wa Kochi la Badru unayo heshima kubwa kukuomba mahojiano maalumu." Uongozi ni mimi.

Hajajibu. Kila simu ikilia naruka. Mara zote ni kampuni ya simu, inanikumbusha bando limekwisha. Mama ameniuliza kama nina minyoo.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wenzangu wamekwenda Dar kwenye maonyesho, mimi nimemhoji Fabian, bloga anayewatabiria watu matokeo ya mpira ili wakabeti. Alikubali kwa sharti kwamba avae miwani myeusi na kofia, maana kuna watu wanamtafuta. Katikati ya mahojiano mmoja wao akampata. Fabian kapita juu ya kochi, kapita na pazia la sebuleni, kaishia kwenye mihogo ya jirani. Tofali limechomoka. Hata hivyo ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote.

AMEJIBU! Nanukuu: "Kumbe Uongozi bado uko hai. Mimi sina meneja, Badru. Meneja wangu ni babu. Ukitaka kuongea na mimi njoo kwetu, na uje na mtu mzima."

Nimesoma mpaka nimekariri. Kisha nikachambua kitaalamu. Anataka mambo rasmi. Mtu mkubwa mtandaoni hahojiwi ovyo ovyo, kuna taratibu, kuna makubaliano ya haki za video, hapo lazima mtu mzima awepo ashuhudie. Safi. Naila amekua kibiashara.

Jina langu ameliandika. Angeweza kuandika "kaka". Kaandika Badru.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Maili Moja kununua stendi ya simu, nikakumbana na Ashrafu. Mtu huyu! Ana chaneli inayoitwa Mezani na Ashrafu, ofisi juu ya duka la dawa, taa ya duara, maikrofoni mbili, na chupa za maji mezani ambazo hakuna mgeni anayekunywa. Tulisoma darasa moja. Alikuwa ananakili hesabu zangu na kupata alama nyingi kuliko mimi. Akaniuliza kochi linaendeleaje. Kwa sauti ile ya mtu anayemwulizia mgonjwa.

Nikajikuta nimesema kwamba namhoji Naila wa Jiko la Naila. Uso wake! Akakiri kwamba yeye amemwandikia tangu mwezi wa Ramadhani, hajawahi kujibiwa hata salamu. Hapo raha ikanizidi. Nikamwelekeza, kwa upole wa mtu anayejua: Naila haendewi kwa inboksi. Meneja wake ni babu yake. Unakwenda Msimbu na mtu mzima, unavaa vizuri, unabisha hodi. Nikamwambia mimi naenda na mjomba Isihaka, na kwamba ukanda huu wote hakuna anayejua kuzungumza mbele ya wazee kama yeye.

Ashrafu akaniuliza tena jina la mjomba. Kisha akanishukuru, akaninunulia soda. Ameumia. Nimemwona alivyoumia.

Jioni kwa mjomba. Yeye ni kaka yake mama, ana shamba la mihogo na mikorosho michache, na ndiye anayetumwa ukoo mmoja ukiwa na jambo la kusema kwa ukoo mwingine. Shikamoo mjomba. Marahaba. Nikamwambia namtaka anisindikize Msimbu nyumbani kwa Naila, maana Naila mwenyewe amesema niende na mtu mzima akaonane na babu yake. Jembe likamponyoka. Akauliza, Naila yupi, yule aliyekuwa kwa Mwamini? Nikasema huyo huyo. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema alhamdulillahi, walikuwa wameshakata tamaa.

Sikujua kwamba mjomba anaifuatilia chaneli kwa kiasi hiki.

Alhamisi, 10 Julai

Maandalizi. Mama amenunua doti ya khanga ya kumpelekea bibi yake Naila. Sikumwomba. Dada Sada amekuja kutoka Mlandizi, amenikumbatia bila sababu, kisha amekubali kuniazima simu yake, jambo ambalo hajalifanya tangu aolewe. Majirani wananipa mkono. Nadhani ni ile video ya Fabian.

Nikawaambia kwamba naenda na kochi. Mjomba akauliza, "Kochi?" Nikamweleza kwamba kochi ndilo linalonitambulisha, bila kochi mimi si kitu. Akamtazama mama. Mama akasema labda ndivyo wanavyofanya vijana wa siku hizi, wanapeleka vyombo vya ndani mapema, ukoo wa pili uone kwamba hakuna mzaha. Kisha akalia. Najua analipenda lile kochi.

Nimekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Dereva kaniahidi kamba.

Ijumaa, 11 Julai

Mazoezi ya mwisho. Sada kaigiza Naila, mimi nimehoji. Nikamwuliza alianzaje kupika mtandaoni. Nikamwuliza changamoto. Nikamwuliza ana mipango gani. Sada akapiga miayo, akasema, "We Badru, unanizungusha hivi vyote vya nini? Kama unanitaka sema, nina maharage jikoni." Nikamwambia hajui kuigiza. Naila hawezi kusema hivyo, Naila ni mstaarabu.

Sada akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kwa kuwa mjomba ndiye atakayesema, mimi nishukuru Mungu.

Sikumwelewa. Nimelala mapema. Nimeota michongoma.

Jumamosi, 12 Julai

Tumetoka asubuhi. Mjomba mbele kwa dereva, kanzu nyeupe, baraghashia mpya. Mimi nyuma, kwenye kochi, kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kukaa. Nimepita Kiluvya nimekaa kwenye kochi jekundu kama waziri. Watu wamenipungia, nami nikawapungia. Mjomba alinionya kabla hatujaondoka: nikifika huko nifunge mdomo, atazungumza yeye. Nikakubali. Mpaka maswali yaanze, nilijisemea.

Msimbu. Mikorosho, mihogo, mchanga unaonasa matairi. Nyumbani kwa Mzee Mwinyijuma, babu yake Naila, ua umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mkeka umeshatandikwa. Wazee wanne wamekaa wanatusubiri. Nikashangaa. Mahojiano yana wajumbe wangapi?

Dereva alipoteremsha kochi, mama mmoja nyumba ya pili akapiga kigelegele. Mwingine akadakia. Mzee Mwinyijuma akaja taratibu, akalizunguka kochi, akaliangalia tofali, akasema, "Haya. Ukiishi sana utaona mengi."

Salamu. Habari za njiani. Maji ya kunywa. Dua. Kisha mjomba akaanza, na sijawahi kumsikia akizungumza vile. Akamtaja marehemu baba, akamtaja babu, akaeleza shamba letu la Visiga lililimwa na nani kwanza, mpaka ikagundulika kwamba bibi mmoja wa upande wao alizaliwa kijiji kimoja na bibi yetu. Wazee wakafurahi, wakagongana mikono. Kisha mjomba akasema kijana wake amefika umri, ametulia, na amewatanguliza wazee mbele kama inavyotakiwa.

Hapo nikaelewa. Jasho! Kanzu, khanga, machozi ya mama, vigelegele. Nimekuja kuposa! Nimekuja kuposa na kochi bovu na wafuatiliaji mia tatu na kitu!

Pazia la mlangoni likatikisika. Chini yake nikaona vidole vya miguu. Vilikuwa na hina, tena ya jana au juzi.

Mzee Mwinyijuma akasema, "Tumewasikia, mzee mwenzangu. Sasa litamkeni hilo neno, na sisi tulipokee." Mjomba akasafisha koo. Ilibaki sentensi moja, wala haikuwa yangu. Kijana katika shughuli hiyo hasemi, mara nyingi hata hafiki. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Sijawahi kupewa kazi nyepesi kama ile.

Nikasimama. Nikasema hapana wazee wangu, samahanini sana, mimi nimekuja kwa ajili ya mahojiano ya mtandaoni, dakika arobaini tu, na haki za video tutagawana.

Kuku mmoja akapita katikati ya mkeka, hakuna aliyemfukuza. Mjomba akavua baraghashia, akaanza kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Vidole chini ya pazia vikaondoka.

Kwa nini nilisema? Nimejiuliza njia nzima ya kurudi. Nilitaka! Hakuna kitu ninachokitaka kuliko hicho. Lakini nilijiona nilivyo pale, mimi na tofali langu. Nilitaka anipokee nikiwa mtu.

Wazee wakanong'ona. Mzee Mwinyijuma akasema mgeni haondoki hivi hivi, kama shida yake ni kumpiga mtu picha basi ampige. Naila akatoka. Mtandio ameufunga kwa kuukaza. Akakaa kwenye kochi upande wa tofali, akanitazama, akasema, "Haya, Uongozi." Nikasimika simu mbili: ya Sada ikimtazama yeye, yangu ikinitazama mimi.

Yuko vile vile. Hapana, si vile vile. Sauti imeteremka, na akifikiri anang'ata mdomo wa chini, zamani hakuwa hivyo. Nikauliza. Alianzaje? Akasema, "Kwa njaa." Changamoto? "Moshi." Mipango ya baadaye? Hapo akanitazama, akasema, "Ilikuwepo." Nikasema safi sana, twende swali linalofuata.

Katikati akainuka bila kuaga, akaingia ndani, akarudi na sahani, akanipa mkononi. Ukoko! Wa moto, umekauka vizuri, na pembeni una mafuta ya nazi. Nikala huku nahoji. Likabaki swali la mwisho. Lilikuwa mdomoni kabisa, pamoja na ukoko. Nikamwuliza ana neno gani kwa mashabiki.

Akasema hana neno. Akauliza, "Yameisha?" Nikasema yameisha. Akauliza tena, "Yote?" Nikasema yote.

Mjomba amerudi na baraghashia mapajani mpaka Visiga. Alipoteremka akasema kochi nilibebe mwenyewe.

Jumapili, 13 Julai

Msiba! Simu ya Sada ilijaa kabla hatujamaliza salamu. Ina maua yote ya asubuhi njema aliyotumiwa tangu aolewe, na harusi ya wifi yake, mwanzo hadi mwisho. Naila anaonekana akisema "Waalaikum salaam," basi, imekata. Kilichobaki ni simu yangu. Mahojiano yote yapo, ila ninayeonekana ni mimi. Peke yangu, kwenye kigoda, namtazama mtu ambaye hayupo kwenye picha. Sauti yake inasikika vizuri.

Nimeitazama. Sikujua kwamba uso wangu unafanya vile. Mdomo uko wazi. Akicheka, nacheka kabla hajamaliza. Alipoingia ndani nimegeuza shingo yote kumfuata, nikabaki hivyo hivyo mpaka aliporudi. Kisha kuna mahali mkono wake unaingia na sahani, hina mpaka kwenye kucha. Sahani imeshafika kwangu na mkono bado upo. Unakawia. Ndipo unaondoka.

Nimerudia hapo. Nimerudia tena. Nampenda huyu mtu, na nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia bangili zake, nikamwuliza changamoto!

Mama hajaniuliza kitu. Anakaa kwenye ndoo. Kochi halikalii.

Jumatatu, 14 Julai

Mkakati mpya. Nairusha hivyo hivyo. Watu wanatazama samaki wakizunguka kwenye chupa saa nzima, watashindwa kunitazama mimi? Jina la video: NAILA AFUNGUKA MAZITO! Hakufunguka lolote, lakini ndivyo kazi hii inavyokwenda. Kwenye picha ya mbele nimeweka mshale mkubwa mwekundu. Hauelekei kwenye kitu chochote.

Ashrafu ameitazama, amenitumia vichwa vya kucheka. Kisha akauliza kama mjomba Isihaka hajambo. Nimemjibu hajambo. Nashangaa adabu hii kaipata wapi.

Jumanne, 15 Julai

Hakuna kitu. Watazamaji wachache, na mmoja kaandika kwamba sauti ipo lakini mgeni hayupo, nirekebishe. Mjomba nimempita njiani, nikasema shikamoo, akaitikia kwa kuutazama mkorosho.

Nimetazama tena ule mkono.

Jumatano, 16 Julai

Sijui nianzie wapi. Imesambaa! Sijui nani aliichukua akaipeleka wapi, lakini kufika mchana ilikuwa elfu tisini, na sasa nimeacha kuangalia kwa kuogopa. Hakuna anayejali Naila kasema nini. Wanautazama uso wangu! "Kaka sema tu unampenda, unatuchosha." "Jamaa anahoji kama anaomba maji." "Huo mkono wa ukoko umeniliza, nipo kazini." "Mwenye binti tunaomba umpe huyu kijana, anateseka." Salama wa Mlandizi, yule anayeigiza mama wakwe mtandaoni, ambaye siku zote hupuuza maombi yangu ya mahojiano, amejirekodi akiniigiza. Amekaa kimya, mdomo wazi, basi. Nayo imesambaa. Wafuatiliaji wangu ni elfu nane!

Kisha Naila. Nanukuu yote: "Nimeiona. Babu naye kaonyeshwa, kaitazama mpaka mwisho, hajasinzia. Anasema mdomo wako una matatizo lakini uso wako kauelewa. Anauliza mjomba wako ana nafasi Ijumaa. Kochi libaki nyumbani. Nijibu mapema, kuna watu wengine wameomba kuja siku hiyo hiyo na babu hapendi kuwaweka watu."

Nimezunguka ua mbio. Nimemkumbatia mama, nimelikumbatia kochi. Nampenda! Nimempenda tangu michongoma. Nitaandika mara ngapi? Nikashika simu nimpigie papo hapo.

Halafu nikakaa nikafikiri. Elfu nane, na inapanda! Nikienda Ijumaa, nakwenda mtu wa elfu nane. Nikingoja mwisho wa mwezi, nitakuwa mtu wa hamsini, labda laki. Nitafika Msimbu na gari la maana, taa ya duara, kochi jipya lenye miguu yote. Hawa "wengine" nawajua, ni wahoji tu, wanaukimbilia umaarufu wake. Waende. Wakakalishwe mbele ya wazee wanne watoke jasho kama mimi.

Nikamjibu: "Naomba tungoje kidogo mpaka nifike laki. Nataka nije kwenu nikiwa mtu."

Akajibu hapo hapo: "Sawa."

Sawa! Bila swali, bila sharti, bila hata nukta nyingi. Hii ndiyo raha ya mtu anayekuelewa.

Alhamisi, 17 Julai

Leo Mzee Abdulwahab, baba yake Ashrafu, kaja kwa mjomba. Anamwomba amsindikize kesho baada ya sala ya Ijumaa, Kisarawe huko, kuna jambo la kijana wake. Amesikia kwamba ukanda huu wote hakuna anayejua kuzungumza mbele ya wazee kama yeye. Mjomba hakumjibu. Akamwacha barazani na chai, akaja kwetu kwa miguu. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha tangu siku ya Msimbu.

Akauliza, "Badru, nimkubalie au nimkatalie?"

Nikamwambia amkubalie. Ni heshima, na huko hatakosa pilau. Akaniuliza kama sina la kusema. Nikasema sina. Akauliza tena, "Hata neno moja, mwanangu?" Nikamweleza kwamba Kisarawe ni kubwa, ina vijiji vingi, na kila kijiji kina mabinti. Akanitazama anavyotazama mhogo ulioozea chini huku majani yakiwa mazima. Akasema haya.

Mimi nina yangu. Elfu kumi na moja! Nimeshapanga mahojiano ya pili ya Naila, na safari hii swali la ukoko nimeliweka la kwanza kabisa, kwa herufi kubwa. Kosa la mara ya kwanza halirudiwi.

Mjomba alipokuwa anaondoka akakumbuka kwamba kanzu haijafuliwa tangu safari ile, ina vumbi la Msimbu mpaka magotini. Alitaka aivae hivyo hivyo. Nikamkatalia, nikaifuata mwenyewe kwake. Nimeifua, nimeianika, na jioni nimeipiga pasi, mikono mpaka pindo. Kesho apendeze.